Kuishi kwa Igizo la Nyimbo Ukiwa Bukoba au Muleba

Swali hili linanifikia kutoka Kashai, Kamachumu na Nshamba, na maneno yake hayabadiliki sana: "Najua kuimba, najua kucheza, nimeigiza tangu shule ya msingi. Nifanyeje niishi kwa kazi hii?" Wengine wameona kwenye simu maonyesho ya Nairobi au London, watu wanaigiza, wanaimba na kucheza saa mbili nzima, nao wanataka hicho hicho kifanyike hapa.

Nijibu bila kuzunguka. Bukoba hakuna nyumba ya maigizo itakayokuajiri kwa mshahara, na Muleba haipo pia. Hata Dar es Salaam wanaoishi kwa jukwaa peke yake ni wa kuhesabu. Ila Kagera wapo wanaotoa hela kwa ajili ya nyimbo, ngoma na maigizo, na wanatoa mara kwa mara: kamati za harusi, shule, mashirika ya afya, halmashauri. Jua kwanza hao wanataka nini na wanalipa lini. Lile igizo kubwa unaloliota utalisimamisha juu ya kipato hicho. Wanaoanza na igizo kubwa ndio hao tunaowaona msimu mmoja tu.

Unacho tayari, usikidharau

Kuna wanaodhani kazi hii ni ya kuiga Wazungu. Mpiga enanga wa Kihaya alikaa peke yake na chombo chake mapajani, akasimulia, akaimba, akageuza sauti akawa mfalme, kisha Mugasha wa ziwani, na watu hawakuondoka. Profesa M. M. Mulokozi, mwenyeji wa mkoa huu, aliziandikia tendi hizo tasnifu yake ya udaktari mwaka 1986. Ongeza majigambo tunayoyaita ebyebugo na mchezo wa omutoro, unapata hadithi, wimbo na mwili kazini kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikugharimu zaidi ya kilo ya sukari:

- Mtafute mzee anayejua tendi au nyimbo za zamani. Omba ruhusa ya kumrekodi kwa simu, na umweleze utazitumiaje.
- Sikiliza hadi ujue hadithi inapinda wapi. Usinakili neno kwa neno, hiyo ni kazi yake.
- Andika igizo la dakika 25 hadi 30, si saa mbili.
- Waigizaji wasizidi 8. Kila anayeongezeka ni nauli, chai na ugomvi mmoja zaidi.
- Nyimbo 4 au 5 zinatosha, na angalau moja iwe ya kuitikia, watazamaji waingie.
- Vyombo: ngoma mbili, na enanga au gitaa. Kinanda cha umeme kisubiri.

Kosa ninaloliona sana ni nyimbo zilizochomekwa. Watu wanaigiza, wanasimama, wanaimba, wanarudi kuigiza. Jiulize kila wimbo unabadilisha nini. Kama binti anaanza wimbo akiwa amekataa kuolewa na anaumaliza bado amekataa vilevile, ukate. Awe ameyumba, au amegundua jambo, au amekata shauri la kutoroka.

Nani anatoa hela huku kwetu

*Shule.* Ningeanza hapa. Kwa miaka mingi wanafunzi wa sekondari wamesoma Kilio Chetu, Orodha, na Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, na wengi wao hawajawahi kuona tamthilia hata moja ikichezwa. Muulize mwalimu wa Kiswahili ni vitabu gani vinavyotahiniwa sasa, teua sehemu, itungie nyimbo, kisha nenda kwa mkuu wa shule na bei ndogo kwa kila mwanafunzi. Shule ina ukumbi au bwalo, ina watazamaji, na shule ya jirani itasikia kabla ya Ijumaa. Angalizo: kitabu kina mwenyewe. Omba kibali kwa mwandishi, warithi au mchapishaji kabla ya kutoza kiingilio.

*Mashirika ya afya na halmashauri.* Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walionekana hospitali ya Ndolage, wilayani Muleba, mwaka 1983. Tangu hapo mkoa huu umepelekewa ujumbe wa afya kwa kila njia, ngoma na maigizo ya uwanjani zikiwamo, na ugonjwa wa Marburg ulipozuka Bukoba Vijijini mwaka 2023 elimu ilibidi ifike vijijini kwa haraka. Kazi za namna hii hulipa kuliko kiingilio, ila zina masharti. Watataka cheti cha usajili, akaunti ya benki ya kikundi na namba ya mlipakodi. Tena hulipa kwa kuchelewa, kwa hiyo dai sehemu ya fedha kabla ya kupanda gari. Na ujumbe usiumeze mzima mzima kama ulivyoletwa kwenye karatasi; mwanakijiji akisikia mhusika anaongea kama bango la zahanati, anaondoka.

*Harusi na send-off.* Desemba watoto wa Kihaya wanarudi nyumbani kutoka mijini, na sherehe zinafuatana. Hakuna atakayekaa kutazama igizo refu mbele ya sahani ya ndizi. Uza dakika 10: igizo dogo la bwana na bibi harusi walivyokutana, nyimbo mbili, shangazi mmoja mkali, basi. Chukua nusu ya malipo mapema. Kamati ya harusi ikishavunjwa, humpati mweka hazina.

*Makanisa.* Hapa pesa ni chache na faida ni nyingi. Kwaya inakufundisha kusikiliza sauti ya mwenzako, na Pasaka na Krismasi zina maigizo. Chuo cha Ruhija cha KKKT kiliwafundisha waimbishaji wengi kusoma noti. Ukimpata mzee aliyepita huko, mbebee mkoba. Usitumie mavazi na vyombo vya kanisa kwenye kazi zako bila ruhusa, hata kama kiongozi wa kwaya ni mjomba wako.

Piga hesabu kabla ya kubandika bango

Tuseme mko 10 pamoja na wapiga vyombo, na mnafanya mazoezi mara 8. Kila mtu anatumia shilingi 3,000 za nauli na chai kwa siku: hizo ni 240,000. Kukodi spika na maiki 150,000, ukumbi 100,000, mavazi 80,000. Jumla 570,000, na hakuna aliyelipwa hata senti. Kiingilio ni 3,000, wamekuja watu 120 waliolipa kweli, si wale wa "mimi ni ndugu yake mpiga ngoma". Umepata 360,000. Hasara ni 210,000, na wenzako wanakutazama.

Bei za kwenu zitatofautiana na hizi, lakini ukiweka zako kwenye karatasi utaona tatizo liko palepale. Onyesho moja halirudishi gharama za mazoezi. Igizo lile lile likichezwa shule 5, mazoezi mmeyalipia mara moja tu. Kwa hiyo kabla ya kuanza mazoezi uwe na ahadi za sehemu tatu angalau, kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu.

Kalenda nayo ina kauli. Kahawa ikishauzwa, kati ya Julai na Septemba, hela ipo mkononi Kamachumu na kwingine, na mvua imepungua. Machi hadi Mei watu hawana hela na barabara za vijijini ni tope.

Mvua ikipiga bati

Hili halimo kwenye kitabu chochote cha maigizo. Bukoba inapata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na kumbi zetu nyingi ni za bati. Mvua ikishuka katikati ya maneno, hakuna maiki itakayokuokoa. Waigizaji wasio na mpango hupiga kelele, wanakauka sauti, na igizo linakufa.

Uwe na mpango wa mvua:

- Andaa vipande viwili vya ngoma na mchezo visivyo na neno hata moja, vinavyohusu hadithi ile ile. Mmoja akitoa ishara, wote mnaingia.
- Sehemu nzito ya maneno isiwekwe mwisho tu. Ikiliwa na mvua, igizo halina maana.
- Fanyeni mazoezi mara moja bila umeme. Utakatika.
- Kwenye uwanja wazi karibu na ziwa, Gymkhana kwa mfano, upepo unabeba sauti. Wapange watazamaji upande unaokwenda upepo, nyinyi mkae unakotokea.

Sauti na pumzi

Mwimbaji wa kwaya anasimama. Mchezaji ngoma haongei. Wewe unatakiwa kuruka, kisha utoe mstari mrefu bila kuhema. Hiyo ni pumzi, na pumzi inajengwa. Ruka kamba huku unaimba wimbo rahisi, polepole kwanza. Panda mlima kwa miguu ukitamka maneno yako. Baada ya wiki kadhaa utaona tofauti.

- Pasha sauti kwa kuguna taratibu dakika 10 kabla ya kuanza, usiingie na noti ya juu.
- Kunywa maji siku nzima. Rubisi na konyagi zisubiri onyesho liishe. Zinakausha koo na kukudanganya kwamba unaimba vizuri.
- Sauti ikikwaruza, nyamaza siku mbili. Kunong'ona hakupumzishi sauti.
- Ikizidi wiki tatu bila kurudi, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa, na ukipewa rufaa ya Bugando kwa daktari wa masikio, pua na koo, nenda. Asali na tangawizi hazitibu uvimbe kwenye nyuzi za sauti.

Nikasome wapi?

Njia iliyozoeleka ni Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa 1981, na tangu 2007 ni TaSUBa. Pale utafundishwa kuigiza, ngoma na muziki, na utakutana na watu utakaofanya nao kazi baadaye. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Anayevutwa zaidi na muziki aulize Makumira, Arusha.

Sasa tazama ramani. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,300. Mpaka wa Mutukula uko kilomita 80 hivi, na ukishavuka unafika Kampala siku hiyo hiyo. Kampala ina ukumbi wa taifa wa maigizo uliofunguliwa 1959, ina kituo cha Ndere cha ngoma na maonyesho, na Makerere ina idara iliyoanza kufundisha muziki, ngoma na drama pamoja miaka ya 1970. Na wenzetu kule wana utamaduni wa igizo la nyimbo kwa lugha ya nyumbani: Oluyimba lwa Wankoko la Byron Kawadwa lilikwenda hadi tamasha la FESTAC, Lagos, mwaka 1977. Kiganda si Kihaya, lakini Mhaya hapotei humo muda mrefu. Nashangaa vijana wanaosafiri siku mbili kutafuta walichokiacha nyuma ya mgongo wao. Nenda kwanza kama mtazamaji: wiki moja, kitambulisho na hati ya kusafiria mkononi, ona maonyesho, uliza masharti ya kujiunga, rudi.

Huna ada? Tumia mwaka mmoja hivi: kwaya moja, kikundi kimoja cha ngoma, na mwalimu mmoja wa chombo. Ukiwa bado shuleni, ingia kwenye sanaa za UMISSETA.

"Wazazi hawataki"

Huku kwetu kahawa imelipa ada za watu wengi, na mzazi akisikia "sanaa" anaona shamba lake limepotea bure. Usibishane naye mbele ya wageni, wala usimtumie ujumbe. Subiri jioni, piga magoti kama ulivyolelewa, na uwe na karatasi.

Sema hivi: "Tata, naomba unisikilize. Mwaka huu kikundi kimefanya shule tatu, tumelipwa kiasi hiki, changu ni hiki hapa. Naomba miezi 12. Isipokwenda, nitarudi kwenye ufundi." Mzazi wa Kihaya huheshimu hesabu. Na ukipata posho ya kwanza, nunua kitu cha nyumbani kinachoonekana kabla hujanunua viatu vya jukwaani.

Makaratasi, usiyakimbie

1. Katiba ya kikundi, kurasa mbili: nani kiongozi, hela inagawanywaje, anayeondoka anaondoka na nini.
2. Usajili wa BASATA. Anza kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri. Kibali cha onyesho la hadhara nacho ulizia hapo hapo.
3. Hakimiliki. Sajili igizo na nyimbo COSOTA. Ukitumia wimbo wa mwingine, lipia. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda pia sanaa za jadi, hivyo utendi wa wazee si mali ya kuokota.
4. Mkataba wa maandishi kwa kila wimbo: nani katunga maneno, nani sauti. Saida Karoli wa Bukoba alitoka na Maria Salome mwaka 2001, tena kwa Kihaya. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny wakaufanya Salome, ukasikika upya Afrika nzima. Hujui wimbo wako utafufuka lini, wala nani atakuwa ameshika karatasi siku hiyo.
5. Mkopo wa halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Unafaa kununulia spika ambazo mtazikodisha pia. Usikope kulipia onyesho moja.

Mitego

Anayekutoza "ada ya usaili" ni mwizi. Usaili halali hulipii, na huombwi PIN wala "hela ya usajili" kwa simu.

Anayekuambia nafasi ipo ila "tukutane hotelini tuongee vizuri" anakudai rushwa ya ngono, nalo ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Tunza ujumbe wake, mwambie mtu unayemwamini, piga TAKUKURU namba 113, bure. Viongozi wa vikundi: mazoezi ya usiku yawe na utaratibu wa wasichana kufika nyumbani, na mtu mzima anayewajibika.

"Tutawatangaza" si malipo. Kubali mara moja kama watazamaji wake ni wale utakaowauzia kesho. Mara ya pili toa bei.

Kampeni za uchaguzi hulipa vizuri kwa wiki chache. Kumbuka tu kwamba baada ya uchaguzi bado mnahitaji kucheza kwenye shule na kumbi za watu wa pande zote. Na igizo linalosema kweli lina gharama: Kawadwa aliuawa chini ya utawala wa Amin mwaka huo huo wa 1977, na igizo la Ngaahika Ndeenda la Kamĩrĩĩthũ, Kenya, lilizuiwa mwaka huo huo, mwandishi wake mmoja, Ngũgĩ wa Thiong'o, akawekwa kizuizini. Igizo hilo lilirudi jukwaani Nairobi mwaka 2022. Sisemi unyamaze. Nasema kikundi kizima kikae, kijue kinachocheza, na kikubaliane kabla, asiingizwe mtu kwa kificho.

Mliyouliza zaidi

*Kihaya au Kiswahili?* Vijijini, nyimbo kwa Kihaya na maneno kwa Kiswahili chepesi. Visiwani kama Bumbire wavuvi wametoka kila mahali, hapo Kiswahili kitawale.

*Nina miaka 34, nimechelewa?* Kwa kuruka sarakasi, pengine. Kwa kuigiza baba, shangazi, mwenyekiti wa kijiji na mchungaji, vikundi vya vijana watupu vinakuhitaji kuliko unavyovihitaji. Omba nafasi hizo waziwazi.

*Nirekodi video niweke mtandaoni?* Weka kipande cha dakika moja chenye namba ya simu. Igizo zima usiweke. Mkuu wa shule akiliona bure hatakuita.

*Nihamie Dar?* Uwe na mwenyeji, kazi ya kukulisha miezi sita, na igizo moja linaloweza kuchezwa na watu wawili. Kama moja halipo, bado.

*Niache kazi yangu?* Kama unaendesha bodaboda, unafundisha au unauza dagaa Kemondo, endelea. Pangeni mazoezi saa 11 jioni mara tatu kwa wiki, na anayechelewa alipe faini iingie kwenye nauli. Utaacha kazi mwaka ambao hela ya igizo imezidi hela ya kazi kwa miezi 6 mfululizo, na Machi ikiwa mmojawapo.